Na Taya, Je?

1

Mama Kissa alizikwa saa saba mchana, na kabla udongo haujakaa sawa wanawake walikuwa wamesharudi jikoni. Ndivyo misiba ya huku milimani Rungwe ilivyo. Utalia utakavyolia, lakini watu mia mbili wamekuja na lazima wale.

Tusajigwe Mwakalobo alikaa mkekani na wanawake wa ukoo. Juu alivaa gauni jeusi, chini yake suruali ya kijani ya kazi, maana alikuwa zamu. Gari la wagonjwa la Kituo Namba Tisa lilikuwa limeegeshwa kando ya shamba la chai, na ndani yake mwenzake Ambakisye alikuwa anasubiri wito wowote utakaoingia. Walikuwa wameomba zamu yao ya siku hiyo waishike huku huku kijijini, wapate kumzika mama yao. Si mama wa kuwazaa. Mama Kissa ndiye aliyekuwa mpika chai wa kituo, miaka kumi na mitatu bila kukosa siku, na alikuwa anamjua kila mhudumu anavyopenda sukari yake.

Siku nne zilizopita alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, akashika shavu, akasema jino linamsumbua na leo amechoka ajabu. Gari lilikuwa hatua sita kutoka kigodani. Ambakisye, kwa utani zaidi kuliko wasiwasi, akamwingiza ndani akampima kwa Mizani, mashine ya garini inayopima wagonjwa na kuamua nani ana haraka. Mizani ikampa rangi ya kijani, yaani hana hatari, na ikamshauri akamwone daktari wa meno keshokutwa. Mama Kissa akacheka, akarudi kwenye jiko lake. Alikufa kabla birika halijachemka.

Hilo birika ndilo lililokuwa limemkaa Tusa kooni. Wengine walikuwa wanalia. Yeye machozi yalikuwa yamegoma, na badala yake alikuwa na hasira asiyojua aiweke wapi. Au tuseme ukweli, alijua vizuri sana pa kuiweka. Alikuwa hajathubutu tu.

Watu wa kazi ile wana ugonjwa wao: hawawezi kukaa na binadamu wenzao bila kuwachunguza rangi. Basi macho ya Tusa yakawa yanazunguka jikoni, yakamfikia Mama Subilaga, dada mkubwa wa marehemu, aliyekuwa anasimamia sufuria za makande. Baridi ilikuwa kali, watu wamejifunika mablanketi, na Mama Subilaga alikuwa anajifuta jasho kwa ncha ya kitenge. Akaenda nyuma ya jiko. Akarudi anajifuta mdomo. Akakoroga kidogo, kisha akauweka mwiko chini kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayetua ndoo ya maji.

Tusa akainuka.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bado. Umetapika?"

"Nimetema mate."

"Mara ngapi?"

"Wewe mtoto, mbona unanihoji kama umetumwa na serikali ya kijiji?"

Kissa, binti wa marehemu, aliyekuwa anaosha sahani pembeni na macho yamemvimba, akaingilia. "Ni majonzi, dada Tusa. Mama mkubwa hajatia kitu tumboni tangu juzi. Njaa, moshi, na kilio. Muache apumzike kidogo, atakaa sawa."

Tusa alisogea karibu. Aliweka kiganja nyuma ya shingo ya Mama Subilaga. Ngozi ilikuwa imelowa na ilikuwa ya baridi.

"Kuna kinachouma, mama?"

"Hakuna. Nimechoka tu. Mgongo hapa katikati, na hili taya. Nadhani nimelia nikiwa nimeuma meno."

Tusa alisikia neno taya, na miguu yake ikataka kukimbia kabla kichwa hakijaiambia kitu.

"Unatumia dawa za kisukari?"

"Mwaka wa ishirini huu."

"Twende kwenye gari."

"Nikaache makande ya mdogo wangu yaungue?"

"Kissa atayashika. Mama mkubwa, mimi leo sikuombi. Twende."

2

Ndani ya gari, Ambakisye alitazama uso wa Tusa, akaacha maneno yote aliyokuwa nayo akaanza kutoa vifaa. Alikuwa kijana wa mikono miwepesi, miaka sita kazini, yote aliyoyajua kayajulia kwa Tusa, mazuri na mabaya.

Mizani ikajiwasha yenyewe ilipohisi uzito kitandani. Ilikuwa na sauti ya kike yenye adabu nyingi, ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, mama. Habari za mchana? Unajisikiaje?"

"Marahaba. Nzuri tu, mwanangu. Tunamshukuru Mungu."

Kwenye kioo yakatokea maandishi: *Mgonjwa anajisikia vizuri.*

"Ona sasa," Tusa alisema kwa kuuma meno. "Mtu kaitikia salamu, hiyo imeshaandika ushahidi."

Nani huku milimani anaulizwa habari akajibu mbaya? Hata aliyevunjika mguu atakwambia nzuri kwanza, halafu ndiyo akuoneshe mguu. Waliotengeneza Mizani waliambiwa jambo hilo mara tatu, na mara tatu wakasema watalifanyia kazi.

"Una maumivu ya kifua?" Mizani iliuliza.

"Sina."

"Kifua kinabana, kinawaka, au kuna uzito juu yake?"

"Kifua changu kizima. Nimesema taya."

Ambakisye alibandika vibandiko kumi mahali pake, miguuni, mikononi na mbele ya kifua, na mistari ya umeme wa moyo ikaanza kutembea kwenye kioo. Mizani ikaisoma kwa sekunde mbili. *Mstari umeshuka kidogo sehemu ya mbele. Hakuna maumivu ya kifua. Sukari iko juu. Uchovu na huzuni ya msiba. Rangi: kijani. Ushauri: maji, chakula, mapumziko.*

"Mgeuze kiubavu," Tusa alisema.

Alibandua vibandiko vitatu vya mbele akavihamishia mgongoni, chini ya bega la kushoto, kimoja kimoja, akihesabu mbavu kwa vidole. Moyo nao una mgongo, na mshipa unaolisha upande wa nyuma ukiziba, upande wa mbele hautakupigia kelele. Utaona tu mstari umeshuka kidogo, kitu cha kupuuzwa. Ukitaka kumwona mwizi lazima uzunguke nyuma ya nyumba. Mizani haikuwa na nafasi ya vibandiko vya mgongoni kwenye fomu yake, kwa hiyo ililalamika kwamba vifaa vimewekwa vibaya. Tusa akainyamazisha, akainamia kioo kwa macho yake mwenyewe.

Mistari ilikuwa imepanda. Si sana. Nusu milimita, pengine kidogo zaidi. Mbele nusu milimita si kitu. Mgongoni inatosha kumzika mtu.

"Umeona?" aliuliza.

Ambakisye alikuwa ameona. Alikuwa ameanza kuvunja kidonge cha aspirini. "Tafuna, mama, usimeze kizima," alimwambia Mama Subilaga, kisha akamgeukia Tusa kwa sauti ya chini. "Daraja la chini limekwenda na mvua. Kwa barabara ya kuzunguka mpaka mjini ni mwendo wa saa mbili na nusu."

"Najua."

"Tai anafika kwa dakika tisa. Mjini dakika kumi na nane."

"Najua, Amba."

Tai ilikuwa ndege ya wagonjwa isiyo na rubani, moja kwa milima yote, na haikupaa mpaka Mizani itoe rangi nyekundu. Mkononi mwa Ambakisye kalamu ya kioo ilikuwa imeshasimama juu ya kisanduku alichokuwa anakijua hata akiwa amefumba macho. *Maumivu ya kifua: makali.* Mguso mmoja, na kijani ingegeuka nyekundu palepale.

"Acha," Tusa alisema.

3

Hapa inabidi aibu ya Tusa isemwe, maana bila hiyo hutamwelewa.

Miaka tisa iliyopita, Mizani ilipoletwa milimani, Tusa aligundua mapema kwamba haiamini moyo usiolalamika kifuani. Akaja mzee mmoja anayetapika tu. Akaja mchuma chai ambaye mikono ilimwishia nguvu. Tusa alijua wana nini, Mizani haikujua, na muda ulikuwa unakwenda. Akaandika kifua. Ndege ikaja, mshipa ukazibuliwa, mtu akapona. Baada ya hapo akawafundisha wenzake: ukiwa na hakika, andika kifua, tutasahihisha baadaye. Hakuna aliyewahi kusahihisha. Tai ikishapaa taarifa hufungwa, na kuifungua ni lazima ueleze kwa nini.

Hawakuiona dhambi. Walikuwa wanaokoa watu, na walijisifia wakinywa chai ya Mama Kissa.

Lakini Mizani haikukaa ilivyokuja. Kila tarehe mosi ilisoma taarifa zote za vituo vyote na kujifunza upya. Usiku ule ule wa kifo cha Mama Kissa, Tusa alikuwa ameiuliza swali moja. Katika wagonjwa mia mbili na kumi na wawili wa milima hii waliothibitika kuziba mshipa wa moyo, wangapi hawakuwa na maumivu ya kifua? Ikamjibu kwa adabu yake yote: *Hakuna hata mmoja.*

Wa Tusa peke yake walikuwa arobaini na mmoja. Aliwakumbuka kwa majina. Kwa miaka tisa walikuwa wameifundisha mashine, kwa mikono yao wenyewe na kwa nia njema kabisa, kwamba mwanamke mwenye taya linalouma aende kwa daktari wa meno.

"Dada," Ambakisye alisema sasa, "mwandikie kifua. Huyu tu. Halafu tutakaa tuone namna ya kurekebisha."

"Hivyo ndivyo nilivyosema mimi miaka tisa."

"Basi utafanyaje? Utaapa?"

Njia ya pili ilikuwa hiyo. Mhudumu angeweza kuipinga Mizani kwa kiapo, kwa jina lake, akaandika aliyoyaona jinsi alivyoyaona. Daktari wa zamu mjini angesikiliza na kuamua, na hilo lilichukua dakika nne siku ya bahati. Kila leseni ilikuwa na viapo vitatu. Kikithibitika unarudishiwa, kikianguka kimekwenda. Viwili vya Tusa vilikuwa vimeshaanguka. Cha kwanza kilikuwa cha kijana aliyejaa gesi tumboni, na siku hiyo mama mjamzito wa kijiji cha pili aliisubiri Tai dakika arobaini. Kikianguka cha tatu, angekabidhi koti lake la kazi.

Koti lingemuuma, lakini si lenyewe lililomshika mkono. Zile dakika nne hazikuwa zake.

"Mnabishana nini juu ya kichwa changu?" Mama Subilaga aliuliza. Midomo yake ilikuwa imepoteza rangi.

Tusa alipiga magoti kando ya kitanda. Angeweza kumpa maneno laini, na alikuwa nayo mengi. Akaamua kumpa ukweli.

"Mama mkubwa, mshipa wa moyo wako umeziba. Nikiiambia mashine kwamba kifua kinakuuma, ndege inaanza kuja sasa hivi. Nikiandika kweli, taya na mgongo na uchovu, itachelewa dakika nne, na daktari anaweza kukataa."

"Mdogo wangu alisema nini alipougua?"

"Alisema taya."

"Mkamwandikia?"

"Kijani."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yangu." Hapo machozi yaliyogoma siku nne yakaja, na Tusa akaendelea kusema huku yanatiririka. "Wenye taya kama lake nilikuwa nawaandikia kifua, mwaka baada ya mwaka, ili wachukuliwe. Mashine ikaamini taya si moyo. Yeye alipokuja, haikumjua."

Mama Subilaga alifumba macho. Nje wanawake walikuwa wanaimba wimbo wa maombolezo, na mlio wa kifaa ulikuwa unapiga juu yake, haraka kuliko inavyofaa.

"Ningekuwa na nguvu ningekuzaba kofi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nataka kuishi, usije ukadhani vingine. Nina shamba, nina wajukuu, na yale makande Kissa atayaunguza." Alivuta pumzi, ikamtoka vibaya. "Lakini yule Kissa kachukua mdomo wa mama yake. Hasemi anaumwa mpaka aanguke. Siku atakaposema taya, nani atamsikia? Andika taya."

Tusa alijua kwamba neno la mgonjwa halijamtua mzigo. Angeweza bado kugusa kile kisanduku, na mama asingejua kamwe. Kidole kilikuwa chake.

Akakiweka kwenye alama ya kiapo.

"Tusajigwe Mwakalobo, Kituo Namba Tisa. Naapa kwa jina langu. Mwanamke wa miaka sitini na tisa, mwenye kisukari. Hana maumivu ya kifua. Narudia, hana. Ana maumivu ya taya na katikati ya mgongo, jasho la baridi, ametapika, mikono imeishiwa nguvu. Mistari ya mgongoni imepanda. Naomba Tai."

*Kiapo kimepokelewa. Anatafutwa daktari wa zamu.*

4

Dakika ya kwanza Ambakisye alipima tena presha. Ya pili, moyo wa Mama Subilaga uliruka mapigo matatu mfululizo, ukarudi, ukaruka tena. Ambakisye akabandika pedi za kushtulia moyo kifuani na chini ya kwapa.

"Dada, akifa ndani ya hizi dakika utaniambia nini?"

"Nitakwambia nimemuua. Na nitaandika hivyo hivyo, kwa jina langu. Shika oksijeni."

Dakika ya tatu ikaingia sauti ya mwanamume, ya mtu aliyekatizwa chakula. "Dakta Lwitiko hapa. Mwakalobo, naona viapo viwili vimeanguka."

"Ndiyo, dakta."

"Na mashine inasema kijani. Kifua vipi?"

"Hana."

"Hata kubanwa kidogo?"

Alikuwa anamfungulia mlango, Tusa akasikia vizuri. Daktari naye alikuwa anaijua ile njia ya mkato. Pengine wote waliijua, mpaka mjini.

"Hata kidogo. Tazama mistari ya mgongoni, dakta. Nimekutumia picha. Usinisikilize mimi, itazame."

Mama Subilaga alikuwa ameushika mkono wa Tusa, na mshiko ulikuwa unalegea.

"Nusu milimita," sauti ilisema.

"Mgongoni, dakta."

"Mgongoni." Daktari alipumua. "Nimekikubali kiapo. Tai imepaa. Mtayarishe."

Ilitua kwenye shamba la chai ikiwavua watu kofia na kuwapeperusha vitenge, na waombolezaji wakatoka kuona. Kissa alikuja mbio na mikono ina povu la sabuni. Alipanda na mama yake mkubwa, na kabla mlango haujafungwa Mama Subilaga alimwambia kitu. Tusa alidhani ni wosia. Baadaye Kissa alimweleza: alikuwa anamuuliza nani kaachiwa sufuria.

Mshipa ulizibuliwa saa tisa na dakika ishirini. Ulikuwa umeziba kabisa, upande wa nyuma.

5

Kiapo cha tatu kilithibitika, kikarudi. Tusa angeweza kubaki na koti lake mpaka astaafu.

Kesho yake asubuhi aliingia ofisini kwa msimamizi wa kituo, akafunga mlango, akaomba afunguliwe taarifa arobaini na moja. Alizisahihisha moja baada ya nyingine, siku mbili mfululizo. *Hakuwa na maumivu ya kifua. Alikuwa anatapika. Niliandika uongo. Hakuwa na maumivu ya kifua. Alikuwa amechoka tu.* Kanuni ilikuwa wazi: anayefikisha taarifa ishirini za uongo, leseni inaondoka. Msimamizi alimwomba aishie kumi na tisa. Tusa akamshukuru, akaendelea na ya ishirini.

Ambakisye alisahihisha kumi na moja zake, akasimamishwa mwezi mmoja. Habari ikatembea, na kutoka vituo vingine wakaanza kuja, wengine kwa aibu, wengine kwa hasira kwamba wamelazimishwa kuwa waaminifu. Ilipofika mwisho wa mwezi wa pili tangu msiba, kati ya wale mia mbili na kumi na wawili, themanini na watatu hawakuwa na maumivu ya kifua.

Tusa alikabidhi koti, lakini hakutaka kukaa nyumbani. Kigoda cha Mama Kissa kilikuwa bado wazi, basi akakikalia. Chai yake haikuwa nzuri na waliinywa kimya kimya. Mama Subilaga alimletea mkungu wa ndizi, na salamu kwamba kofi bado lipo, anangoja mkono upate nguvu.

Tarehe mosi ikapita. Siku ya pili yake, asubuhi, Tusa akiwa ndiyo kwanza ameweka birika motoni, aliingia mzee mmoja mchuma chai, kikapu mgongoni, akaomba akae kidogo tu kwenye benchi. Tusa alimtazama rangi. Alifungua mdomo amwite Ambakisye, akakuta Ambakisye ameshamshika mzee mkono, anampandisha kwenye gari.

"Shikamoo, mzee," Mizani ilisema kwa sauti ile ile. "Unajisikiaje?"

"Marahaba. Nzuri tu, mwanangu."

Tusa alisimama na mfuniko wa birika mkononi.

"Asante," Mizani ilisema. "Na kifua?"

"Kifua hakina neno. Uchovu tu wa mlima."

Kwenye kioo rangi ya kijani haikutokea.

"Uchovu ulioanza lini, mzee? Na taya, je?"

Birika lilikuwa bado halijachemka.